Ushindi mdogo wa kila siku: namna ya kuanza kubadilika bila kuishia njiani

Maswali huwa ni yaleyale. Nianze na lipi? Inachukua muda gani? Nikikosa siku moja nianze upya? Kwa nini huwa naanza kwa moto, halafu wiki ya pili nimezima? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, kipande leo na kipande kesho, kwa hiyo hapa nimeyapanga yote kwa utaratibu wa kufuata.

Sote tumekua tukiambiwa haba na haba hujaza kibaba. Hakuna anayetuambia haba moja iwe na ukubwa gani, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Wanabeba kibaba kizima siku ya kwanza, wanakimudu siku nne au tano, kisha wanajiita wavivu. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ukubwa huo tu. Ukiupatia, mengine hayakusumbui sana. Ukiukosea, hakuna daftari wala kengele ya simu itakayokuokoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kalenda ya ukutani, au karatasi uliyoichora miraba ya mwezi mzima, na kalamu inayokaa hapohapo.
- Nusu saa ya utulivu, mara moja tu, kwa ajili ya hatua ya 1 hadi ya 4.
- Jambo moja unalotaka libadilike. Moja, si matatu.
- Miezi miwili au mitatu ambayo hushindani na mtu.

Huhitaji programu ya simu. Zipo nzuri, lakini mtu huifungua aweke alama, akajikuta dakika ishirini baadaye anasoma habari za watu wengine. Huhitaji Jumatatu, tarehe mosi wala mwaka mpya. Tarehe za namna hiyo kweli huwatia watu ari, ila ari yenyewe ndiyo inayowafanya wajipangie makubwa kuliko uwezo wao. Kama unasoma haya Alhamisi, anza Alhamisi.

Kuhusu muda, ondoa kichwani zile siku 21. Idadi hiyo mara nyingi hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura zao mpya. Kuzoea pua mpya kwenye kioo na kuzoea kuamka alfajiri ni mambo mawili tofauti. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga tabia moja aliyojichagulia. Namba ya katikati waliyoipata ni siku 66 mpaka kitendo kuanza kufanyika bila kufikiriwa, lakini makadirio ya mtu na mtu yalianzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo rafiki yako akizoea kwa mwezi mmoja na wewe bado, hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja

Andika kila kitu unachotaka kibadilike. Usijichuje. Orodha ikifika mambo kumi ni kawaida, na wengi hushangaa kwamba kuandika tu kunawapunguzia mzigo.

Sasa chagua moja kwa kipimo hiki: unaweza kuligusa kila siku, na kulifanya kunategemea wewe mwenyewe. Kupandishwa cheo hakutegemei wewe. Mwenzako kukusikiliza zaidi hakutegemei wewe. Kulala mapema kunategemea wewe, angalau kwa sehemu kubwa. Si lazima liwe jambo zito kuliko yote kwenye orodha. Ningesema hata lisiwe. Jambo zito lina historia, lina aibu, lina watu wengine ndani yake, na wewe kwa sasa unajifunza kutembea tu.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua jambo ambalo watu wengine wanataka ulibadilishe. Likiwa la mama, la mke, la mume au la bosi, litakufa siku ambayo umewakasirikia.

Hatua ya 2: Geuza matokeo kuwa kitendo

"Kupunguza uzito" ni matokeo. "Kuwa mtulivu" ni matokeo. "Kuwa na nidhamu ya pesa" ni matokeo. Huwezi kuamka asubuhi ukafanya matokeo. Unaweza tu kufanya kitendo, kisha matokeo yaje kwa wakati wake.

Jipime hivi: mtu akisimama pembeni yako bila kusema neno, ataweza kuona kama umefanya au hujafanya? Kama jibu ni "inategemea", bado hujafika kwenye kitendo.

Mifano ya kugeuza:

- Badala ya "nataka afya", andika "natembea kwa miguu baada ya kazi".
- Badala ya "nataka kujua lugha nyingine", andika "nasoma sentensi tatu kwa sauti".
- Badala ya "nataka kushika pesa yangu", andika "naandika kila nilichotumia leo".
- Badala ya "nataka kuwa karibu na wanangu", andika "nikiingia nyumbani naiacha simu chumbani na kukaa nao dakika tano".

Huo wa mwisho ni mgumu zaidi kuupata, kwa sababu mambo ya mapenzi na hasira hayapendi kuwekwa kwenye vipimo. Lakini hata upendo una vitendo vyake, na simu iliyoachwa chumbani ni kimojawapo.

Mwaka 1984 Karl Weick, msomi Mmarekani wa saikolojia ya mashirika, alieleza ushindi mdogo kuwa ni matokeo halisi, yaliyokamilika, yenye umuhimu wa wastani. Neno la kushika hapo ni "yaliyokamilika". "Kupunguza kidogo matumizi ya simu" hakukamiliki kamwe. Kila jioni utabaki unajiuliza kama umepunguza vya kutosha. "Kuweka simu kwenye chaji nje ya chumba cha kulala saa tatu usiku" kunakamilika saa tatu na dakika moja. Baada ya hapo una haki ya kujiambia umemaliza.

Hatua ya 3: Punguza mpaka siku yako mbaya kuliko zote ikiweze

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Chukua kitendo chako, kisha fikiria siku mbaya kweli. Umerudi nyumbani usiku, kichwa kinauma, mtu amekuudhi kazini, mtoto ana homa, na kesho unaamka kabla ya jua. Je, siku hiyo utakifanya? Ukisita hata kidogo, kikate nusu. Jiulize tena. Ukisita tena, kata tena. Endelea mpaka ufike mahali ambapo kusema "siwezi" kungekufanya ucheke.

Kwa kawaida utaishia kwenye kitu kisichozidi dakika mbili. Ukurasa mmoja wa kitabu, wala si sura. Kuvaa viatu na kufika kona ya kwanza, wala si kilomita tatu. Kuchuchumaa na kuinuka mara tano. Kuandika sentensi moja. Kupanga meza tu na kukiacha chumba kilivyo. Hicho ndicho kiwango chako cha chini, na ndicho kitakachohesabiwa.

Hapa kila mtu huuliza swali lilelile: ukurasa mmoja utanifikisha wapi? Kwa hesabu tupu, ukurasa mmoja kila usiku ni kurasa 365 kwa mwaka, yaani kitabu kinene kimoja. Lakini hesabu hiyo si jibu. Kazi ya wiki za mwanzo haihusu kumaliza vitabu. Unatengeneza mtu ambaye kila usiku hufungua kitabu bila kubishana na nafsi yake. Mtu huyo akishapatikana, atasoma. Asipopatikana, hata ratiba ya kurasa 40 kwa siku itabaki ukutani kama pambo.

Kuna sababu nyingine. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika sana kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alieleza mwaka 1977 kwamba imani hiyo hujengwa kwa nguvu zaidi na mambo ambayo mtu mwenyewe ameyafanya akafanikiwa. Maneno ya kutiwa moyo yana nguvu ndogo kuliko hayo. Ndiyo maana hotuba nzuri hukupandisha Jumapili na kukuacha chini Jumanne, lakini kurasa kumi ulizosoma usiku kumi mfululizo hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Sasa sharti ambalo usipolishika mpango wote unavunjika: ziada ni halali, lakini haihesabiwi. Usiku mwingi utafungua kitabu kwa ajili ya ukurasa mmoja na kujikuta umesoma kumi na tano. Vizuri sana. Alama ni moja. Kesho yake deni lako ni ukurasa mmoja, vilevile.

Sababu ni kwamba kiwango hupanda kimyakimya. Jumanne umesoma kurasa ishirini ukafurahi. Jumatano umechoka, umesoma ukurasa mmoja, na moyoni unahisi umeshindwa ingawa umefanya kile hasa ulichoahidi. Alhamisi unasema, "Leo sina muda wa kusoma vizuri, nitafidia kesho." Ijumaa hukusoma kabisa. Tabia nyingi nzuri zinakufa hivi. Siku moja nzuri mno iliharibu kipimo cha siku zilizofuata, ilhali lawama zote anatupiwa uvivu.

Ukiona aibu kumwambia mtu kwamba lengo lako ni kuchuchumaa mara tano, usimwambie. Hakuna sheria inayokulazimisha kutangaza.

Hatua ya 4: Kipachike kwenye kitu unachokifanya tayari

Kamilisha sentensi hii kwenye karatasi, kwa mkono wako:

"Nikishamaliza ______, nita______, nikiwa ______."

Kwa mfano: "Nikishamaliza kupiga mswaki usiku, nitasoma ukurasa mmoja, nikiwa nimekaa kitandani." Au: "Nikishamaliza kuvua viatu vya kazi, nitaandika nilichotumia leo, nikiwa mezani."

Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, alieleza mipango ya namna hii katika maandishi yake ya mwaka 1999: mtu anayeamua mapema kwamba likitokea jambo fulani atafanya jambo fulani hutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Uamuzi unakuwa umekwisha kufanyika. Wakati ukifika huna cha kujadili.

Kitu cha kupachikia kiwe na sifa mbili: kinatokea kila siku bila kukosa, na kinatokea mahali palepale utakapofanyia kitendo chako. Kupiga mswaki, kuvua viatu, kuweka simu kwenye chaji, kufunga mlango, kuzima jiko. "Jioni" si kitu cha kupachikia. "Nikipata nafasi" ndiyo mbaya kuliko zote, maana nafasi haipatikani, hutengwa.

Kengele ya simu naiweka mwisho kabisa. Inalia ukiwa barabarani au katikati ya maongezi, unaizima kwa kidole, na baada ya siku chache kidole kinazima kabla akili haijajua ni kengele ya nini.

Hatua ya 5: Andaa mahali

Kabla ya kulala, weka unachohitaji mahali utakapokiona bila kukitafuta. Kitabu juu ya mto. Viatu mlangoni. Daftari mezani likiwa wazi, kalamu juu yake. Kama kuna kinachokuvuta upande mwingine, kiweke mbali kwa hatua kumi. Hatua hii haihitaji maelezo zaidi, inahitaji kufanywa tu.

Hatua ya 6: Fanya, kisha weka alama papo hapo

Ukimaliza, simama, nenda kwenye kalenda, weka alama. Papo hapo, si kesho asubuhi. Alama inayowekwa baadaye hugeuka kuwa kazi ya ukarani, na baada ya siku tatu huna hakika tena kama Jumamosi ulifanya au ulikusudia kufanya.

Alama yenyewe iwe moja tu. Usiandike dakika, idadi wala hali ya moyo. Rekodi ikiwa na sehemu sita za kujaza, umejiongezea tabia ya pili unayopaswa kuijenga.

Kuna mbinu moja ndogo ninayoipenda kwa siku ya kwanza. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la kadi za wateja kwenye sehemu ya kuosha magari. Kundi moja lilipewa kadi inayohitaji mihuri 8 ili kuoshewa mara moja bure. Kundi la pili lilipewa kadi ya mihuri 10, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Wote walikuwa wamebakiwa na mihuri 8. Waliomaliza kadi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, katika la pili asilimia 34. Mtu anayejiona ameshaanza safari huendelea kuliko anayejiona yuko mlangoni. Kwa hiyo juu ya karatasi yako chora miraba miwili ya ziada: mmoja wa kuandika ile sentensi ya hatua ya 4, mmoja wa kuandaa mahali. Iwekee alama sasa hivi. Hujaanza na karatasi tupu, na wala hujidanganyi, kwa sababu kazi hizo umezifanya kweli.

Hatua ya 7: Kaa hapohapo wiki mbili, kisha ongeza kwa kipimo

Siku ya tano utahisi unaweza kufanya zaidi. Utakuwa sahihi, na bado usiongeze. Siku ya tano unabebwa na upya wa jambo. Tunachosubiri ni upya uishe, tuone kitendo kinabaki.

Baada ya siku 14 angalia karatasi. Ongeza ikiwa mambo mawili ni kweli: hukukosa zaidi ya siku mbili, na siku za karibuni hukuhitaji kujisukuma. Likikosekana moja, baki ulipo wiki nyingine mbili. Hakuna anayekudai.

Unapoongeza, ongeza kidogo: ukurasa mmoja ziwe kurasa mbili, kona ya kwanza iwe ya pili. Halafu, na hili ni muhimu, kile kiwango cha chini cha mwanzo kisifutwe. Kuanzia sasa una viwango viwili. Kuna kiwango cha kawaida, unachokilenga siku zote, na kiwango cha chini, ambacho siku mbaya ikifika kinatosha kabisa kupata alama. Watu wanaodumu na tabia kwa miaka karibu wote wana kiwango cha chini, hata kama hawakiiti hivyo.

Hatua ya 8: Tazama wiki yako kwa dakika tano

Chagua siku moja ya wiki. Jibu maswali matatu kwa sentensi mojamoja: Ni siku gani ilikuwa rahisi, na kwa nini? Ni siku gani niliikosa au nusura niikose, na nini kilitokea kabla yake? Wiki ijayo nabadilisha kitu kimoja gani?

Swali la pili ndilo lenye mali. Mara nyingi utagundua siku unazokosa zinafanana: ni zile ulizochelewa kurudi, au zile zenye wageni, au zile ulizolala vibaya. Ukishaiona sura hiyo, huhitaji ari zaidi. Hamisha kitendo kiende asubuhi, kwisha.

Hatua ya 9: Jambo la pili

Lisianze mpaka la kwanza lifanyike bila karatasi kukukumbusha. Likianza, lirudishe hadi hatua ya 1, dogo vilevile. Watu wakishafanikiwa mara moja hudhani safari hii wanaweza kuanzia juu. Hawawezi. Jambo jipya halijui kwamba ulishinda lile la zamani. Unachokuwa nacho sasa ni kwamba unaujua utaratibu, na unaamini unafanya kazi kwa sababu umeuona ukifanya kazi kwako.

Ukikosa siku

Utakosa. Nakuambia mapema ili isikushtue.

Katika utafiti ule wa London, kukosa nafasi moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiwango cha kuonekana. Kinachoharibu ni yale tunayojiambia baada ya kukosa: "Nimeshaharibu, basi wiki hii imekwenda, nitaanza Jumatatu." Siku moja inageuka sita kwa hesabu ya mdomo tu.

Fanya hivi. Uache mraba mtupu, usiujaze kwa uongo na usiukate kwa kalamu nyekundu. Kesho yake fanya kiwango cha chini, hata kama una nguvu za kufanya zaidi. Usifidie. Anayefidia anajipa adhabu, na hakuna anayependa kurudi mahali anapoadhibiwa. Ukikosa siku mbili mfululizo, siku ya tatu kitendo kipewe kipaumbele juu ya mambo mengine yote yanayoweza kungoja, na ukifanye mapema kabla siku haijachanganya.

Matatizo yanayojitokeza sana

*Nimefanya mwezi mzima, sioni mabadiliko yoyote.* Angalia unatafuta wapi. Mwili, pesa na lugha haviongezeki kwa mwezi mmoja wa dakika mbilimbili. Kinachobadilika kwanza ni ugumu wa kuanza. Jiulize: leo ilinichukua mabishano kiasi gani kuanza, ukilinganisha na wiki ya kwanza? Kama mabishano yamepungua, mambo yanakwenda. Kama ni yaleyale, kitendo bado ni kikubwa au umekipachika mahali pabaya. Rudi hatua ya 3, kisha ya 4.

*Nafanya kazi za zamu, siku zangu hazifanani.* Usipachike kwenye saa, pachika kwenye tukio: kuamka, kuvua sare, kumaliza kuoga. Matukio hayo yapo iwe umelala usiku au mchana. Na hesabu "siku" yako kuanzia unapoamka mpaka unapolala, hata kama kalenda inasema vingine.

*Watu wa nyumbani wananicheka.* Kitendo kiwe cha faragha kwa wiki sita za kwanza. Karatasi ikae ndani ya mlango wa kabati badala ya sebuleni. Wakiuliza, sema unajaribu kitu. Mtu mmoja akionyesha kukuunga mkono kweli, mwombe jambo moja dogo: akuulize mara moja kwa wiki kama umetazama karatasi yako. Asikuulize kila siku, msije mkagombana.

*Nataka kuacha kitu, si kuanza kitu.* Kuacha hakuna kitendo, kwa hiyo tafuta kitendo kitakachokaa mahali pake. Tazama ni wakati gani hasa hamu inakuja, kisha andika sentensi ya hatua ya 4 kwa wakati huo: "Nikishika simu kabla ya kuondoka kitandani, nitaiweka chini na kunywa maji." Unahesabu ile mara uliyofanya kitendo mbadala, huhesabu zile ulizoshindwa. Angalizo kubwa: kama unachotaka kuacha ni pombe, na umekuwa ukinywa nyingi kila siku kwa muda mrefu, usiikate ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa kwa hatari inapokatwa mara moja. Mwone mhudumu wa afya kwanza.

*Naona imekuwa ya kuchosha.* Nzuri. Uchovu wa namna hiyo ni dalili kwamba kitendo kinaelekea kuwa cha kawaida. Usikibadilishe ili kikufurahishe. Ukitaka ladha mpya, badilisha kilicho ndani yake, kwa mfano kitabu kingine au njia nyingine ya kutembea, lakini wakati na mahali vibaki vilevile.

*Naumwa, au niko safarini.* Kabla ya safari andika kiwango cha chini cha safarini, kwa maana kitabu kinaweza kubaki nyumbani na kitanda si chako. Ukiumwa kweli, pumzika, na andika herufi moja kwenye mraba kuonyesha ulikuwa mgonjwa. Mraba huo hauhesabiwi kuwa umekosa. Ila uwe mkweli: mafua madogo hayamzuii mtu kusoma ukurasa mmoja.

*Hata dakika mbili zinanishinda, siku baada ya siku.* Kwanza kata tena: kufungua kitabu bila kusoma, kuvaa viatu bila kutoka. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa hamu ya karibu kila kitu, hulali au unalala kupita kiasi, na hata yale uliyoyapenda hayakugusi, tatizo huenda si tabia kabisa. Sonona huja kwa sura hiyo, na ina tiba. Ongea na daktari au mshauri, na karatasi hii ingoje.

*Nimefika miezi mitatu. Niendelee kuweka alama mpaka lini?* Jaribu wiki moja bila karatasi. Mwisho wa wiki jiulize ulifanya siku ngapi. Kama ni sita au saba, na hukuwa na kazi ya kukumbuka, itoe. Kama ni nne, irudishe kwa wiki nne kisha ujaribu tena. Kiwango cha chini chenyewe usikitupe hata karatasi ikishaondoka, kwa sababu kuhama nyumba, kubadilisha kazi au kupata mtoto kutakurudisha kwenye ile hatua ya 4, na ni vyema ujue mapema utaanzia wapi.